Mtunza grini acheze kombe la klabu anayoitunza mwenyewe?

Katibu_Fewei (aliyeuliza)

Wadau, salamu. Kamati ya mashindano ya klabu yetu ya gofu imepokea maombi ya watunza grini (nyasi fupi laini zenye shimo la kuingizia mpira) wawili wanaotaka kuingia kombe la kila mwezi na Siku ya Kapteni. Handikapu zao (mikwaju inayopunguzwa ili kusawazisha viwango vya wachezaji) ni 9 na 14, na katiba ya klabu inawatambua kama wanachama wa daraja la wafanyakazi. Kombe huchezwa Jumamosi kwa kuhesabu mikwaju (mwenye jumla ndogo hushinda), na kundi la kwanza huanza saa moja na nusu asubuhi. Tatizo ni kwamba huyu wa 9 ndiye anayetoboa mashimo alfajiri ya siku hiyohiyo.

Kabla hawajapiga hata mpira mmoja, malalamiko yameshafika ofisini. Wanasema jamaa anajua shimo liko wapi, anajua grini ipi imemwagiwa maji usiku na ipi imewekwa mchanga juzi. Mimi nataka kujua mambo matatu. Sheria inakataza? Kama haikatazi, utaratibu uweje ili asubuhi pasiwe na manung'uniko? Na zawadi, wapewe au wasipewe? Tafadhali, majibu ya "haipendezi tu" mniwekee pembeni.

---

Refa_wa_Zamu

Katibu, kwanza tuondoe hofu: hakuna kifungu cha Sheria za Gofu kinachomzuia mtunza grini kucheza. Hata hadhi yake ya uridhaa haiguswi na kazi hiyo. Kinachomtoa mtu kwenye uridhaa ni kucheza kama mchezaji wa kulipwa, kufundisha kwa malipo, kuajiriwa kama profeshno wa klabu au kupokea zawadi inayovuka kikomo. Kukata nyasi na kutoboa mashimo hakumo.

Malalamiko ya "anajua shimo liko wapi" nayo hayana mguu. Mahali shimo lilipo ni taarifa ya wazi kwa kila mtu. Ndiyo maana mpinzani wako anaweza kukuambia bendera iko nyuma kushoto na asihesabiwe kwamba amekupa ushauri.

Kipengele kinachomhusu kweli ni 5.2b, na hiki wengi hukipita. Katika mchezo wa kuhesabu mikwaju, siku ya shindano mchezaji haruhusiwi kufanya mazoezi uwanjani kabla ya raundi yake. Mazoezi hapo siyo kupiga mpira peke yake. Kuviringisha mpira juu ya grini au kuisugua ili kuipima nako kumo. Kosa la kwanza ni mikwaju miwili, inaongezwa kwenye shimo lake la kwanza. La pili, anaondolewa mashindanoni.

Sasa fikirieni kazi ya alfajiri. Ukimaliza kutoboa shimo, mkono unakutuma utupe mpira uone unavyoingia. Ukitumwa kupima kasi kwa stimpimita, unaviringisha mipira mitatu kwenda na mitatu kurudi. Usitake kujua kamati itahesabu makosa mangapi hapo. Kwa hiyo anayecheza siku hiyo asishike stimpimita kabisa, na asiviringishe mpira kwenye grini yoyote ya uwanja. Kufagia umande, kubonyeza kizibo (kipande cha nyasi na udongo) cha shimo la zamani, kukata nyasi, hayo ni kazi wala siyo kupima. Lakini mwandikieni, asiachiwe kukisia. Akitaka kupasha mkono moto, grini ya mazoezi ipo, na sheria inamruhusu pia kusukuma mpira na kupiga chipu (mkwaju mfupi) karibu na tii (mahali pa kuanzia shimo) yake ya kwanza.

Jambo jingine ni akiwa katikati ya raundi. Mtunza grini ana mazoea ya kutengeneza anachokiona. Kwenye grini hana shida kubwa, kwa sababu tangu 2019 kila mchezaji anaruhusiwa kutengeneza makovu ya mipira, alama za viatu, vizibo vya mashimo ya zamani na mikwaruzo ya mashine. Asichoruhusiwa kugusa ni vitundu vya kutoboa grini (vya kupenyeza hewa kwenye udongo), mifereji ya mashine ya kukatia wima, na kasoro za asili za uso wa grini. Nje ya grini ndiyo aache mikono mfukoni: akisawazisha udongo nyuma ya mpira wake, au akiondoa mchanga uliomwagika kwenye fewei (njia ya nyasi kati ya tii na grini) mbele yake, amejiboreshea mazingira ya mkwaju na adhabu ni miwili.

---

Tii_ya_Nyuma

Refa umefafanua vizuri, ila mimi bado napinga, na sipingi kwa sababu ya ujuzi. Ujuzi kila mtu anaweza kuutafuta. Ninachopinga ni mtu kushika kifaa cha kutobolea shimo na kadi ya alama siku moja.

Chukua mchezaji ambaye mpira wake kwa kawaida unakata kwenda kulia. Grini ina bunka (eneo la mchanga la kikwazo) upande wa kushoto mbele. Shimo likikaa kulia nyuma, yeye analishambulia kwa raha, na anayevuta mpira kushoto analazimika kupita juu ya bunka au kulenga katikati. Kwenye mashimo 18, mtu akiamua hivyo mara tano tu, bila hata kujijua, uwanja unaanza kumpendelea. Sisemi watu wenu ni wezi. Nasema hakuna atakayeweza kuthibitisha kwamba hawakufanya.

Alama za tii ni hadithi ileile. Kwenye shimo la par 3 (fupi, la mikwaju mitatu), kuzisogeza mita kumi kunabadilisha fimbo. Aliyezisogeza anajua ni mita kumi; wengine wanasoma ubao unaosema 155 na kushangaa mpira umefia bunkani.

Kama mnataka wacheze, basi wacheze kwenye uwanja wa klabu ya jirani, na wa jirani waje kwenu. Ndivyo wenzao wa Marekani wanavyofanya: chama cha wasimamizi wa viwanja kule, GCSAA, kina mashindano yake ya taifa, mtu anakutana na grini asizozitunza yeye.

---

NyasiFupi (msimamizi wa uwanja)

Mkuu Tii ya Nyuma, hoja yako ya mkono kwenye kifaa ndiyo hoja pekee ya maana katika uzi huu, lakini dawa yake ni rahisi kuliko kumfungia mtu nje. Kutoboa shimo na kuchagua mahali pa shimo ni kazi mbili. Zitenganishe.

Utaratibu uwe hivi. Kila grini igawanywe kanda sita kwenye mchoro, mbele mbili, katikati mbili, nyuma mbili. Ijumaa jioni mjumbe wa kamati ya mashindano anajaza karatasi: namba ya shimo, kanda, hatua kutoka ukingo wa mbele, hatua kutoka ukingo wa karibu wa pembeni. Kwa raundi moja, mashimo sita ya mbele, sita ya katikati, sita ya nyuma, na jumla ya kushoto na kulia ilingane. Hapo hoja ya anayekata kulia inakufa, maana mgawanyo uko sawa kwa karatasi, na aliyeugawa siye anayecheza.

Mtoboaji anapewa karatasi na anafuata. Mwongozo wa kawaida ni angalau hatua nne kutoka ukingo wowote wa grini, na eneo la futi mbili hadi tatu kuzunguka shimo liwe tambarare kadiri inavyowezekana. Mruhusuni ahame hatua moja tu akikuta kovu bichi au kizibo ambacho hakijashika, na aandike kwenye karatasi kwamba amehama. Asipopewa ruhusa hiyo mtaishia na shimo katikati ya kidonda.

Kwa wasiojua kazi yenyewe: kifaa kinasimamishwa wima kabisa, unakizungusha kushoto na kulia huku ukikandamiza, unatoa kizibo. Kikombe cha ndani ya shimo kinashindiliwa hadi ukingo wake uwe chini ya uso wa grini kwa angalau milimita 25. Shimo lenyewe lina kipenyo cha milimita 108 na kina kisichopungua 101.6. Kifaa kikiinama, mlingoti unaegemea upande mmoja na mpira unabanwa. Kizibo kinahamia shimo la jana. Kikikaa juu, mashine ya asubuhi inakinyoa hadi kinabaki rangi ya kahawia. Kikikaa chini, kinakuwa kibakuli kwa wiki mbili. Kwa hiyo weka udongo wa kutosha chini yake, kibonyeze kiwe sawa kabisa na uso, kisha kimwagie maji kidogo. Sijaeleza haya kwa kujionyesha. Ni kwamba kazi hii inataka mtu anayeijua, na kumwondoa fundi wenu siku ya shindano ili tu acheze kunaweza kuwagharimu grini. Ni bora atoboe kwa karatasi ya mwingine kuliko kumpa kibarua wa wiki iliyopita.

Alama za tii vilevile. Kila tii ina kibati cha kudumu kilichozikwa kuonyesha umbali uliopimwa. Karatasi iseme "hatua tatu mbele ya kibati". Hili lina faida hata kwenu ofisini, kwa sababu urefu wa uwanja ukitofautiana na uliopimwa kwa zaidi ya yadi 100 kwa mashimo 18, hesabu za handikapu zinahitaji marekebisho.

Ikifika saa moja kamili, karatasi ibandikwe kwenye ubao karibu na tii ya kwanza. Chini yake andikeni: grini zipi zimemwagiwa maji kwa mkono, zipi zimewekwa mchanga, na tarehe. Basi. Alichokuwa anajua peke yake sasa kinajulikana na mtunza bustani wa getini.

---

Kibeto_cha_Pwani

Naongeza moja ambalo huku kwetu limezoeleka mno hata hatulioni. Hapa Afrika Mashariki karibu kila mchezaji wa kombe anatembea na kedi (mbeba begi la fimbo). Kedi huyo anapita kwenye grini zile kila siku, baadhi yao wanacheza kuliko wanachama, na asubuhi wanapiga soga na watunza grini wakati wa chai. Mwanachama analipa ujira na kununua ujuzi wote wa mteremko na ulalo wa nyasi. Sheria haina neno. Hata hilo katazo la 5.2 alilolitaja Refa linamhusu mchezaji tu, halimgusi kedi. Sasa ujuzi ukibebwa na aliyebeba begi ni halali, ukibebwa na mwenye fimbo ni dhambi?

Na siri yenyewe siyo siri. Kwenye nyasi za Bermuda za pwani, simama nyuma ya mpira: ukiona mng'ao, nyasi zimelala kuelekea unakopiga na mpira utakwenda kasi, ukiona kijani kizito, zinakuja dhidi yako, ongeza nguvu. Bado una shaka? Chungulia mdomo wa shimo. Upande uliochakaa na kukauka ndiko nyasi zinakoelekea. Hilo linaonekana kwa macho ya yeyote anayeinama.

Tena hata Open, yale mashindano makubwa ya Uingereza, ilianza na jambo hilihili. Open ya kwanza, Oktoba 1860 pale Prestwick, Scotland, ilikuwa na wachezaji wanane, mizunguko mitatu ya mashimo 12 kwa siku moja. Mmoja wao alikuwa Tom Morris, ambaye alikuwa mtunza uwanja huo na ndiye aliyeupanga. Akapigwa kwa mikwaju miwili na Willie Park aliyetoka Musselburgh, 174 kwa 176. Mwaka uliofuata Morris akashinda. Hakuna aliyedai mkanda wa ubingwa urudishwe.

---

Tii_ya_Nyuma

Kibeto, 1860 hapakuwa na mashine ya kukata grini kwa milimita nne wala maji ya kumwagilia kwa kubonyeza kitufe. Uwezo wa mtunza uwanja kubadilisha mchezo usiku mmoja leo ni mkubwa mno kuliko wa Morris. Ila nakubali, karatasi ya NyasiFupi inaziba tundu kubwa. Hoja ya kedi nayo imenikalia vibaya. Sina jibu lake.

Bado kuna usimamizi. Springla ikipasuka saa nne asubuhi kwenye shimo la 12, nani anafunga valvu ikiwa wote wawili wako fewei ya 6?

---

NyasiFupi

Mmoja anacheza, mmoja yuko zamu. Mwezi ujao wanabadilishana. Hilo halina mjadala. Anayecheza awe ameandikiwa siku ya mapumziko kuanzia saa aliyomaliza kazi, ili baadaye pasizuke ugomvi wa mshahara, na simu ya uwanja aiache kwa mwenzake.

Kwenye droo, mwekeni kundi la kwanza. Saa sita ameshamaliza na anaweza kurudi kazini kama kuna dharura.

---

Refa_wa_Zamu

Hapo sikubaliani. Kundi la kwanza ndilo linalokuta grini zikiwa vilevile alivyoziacha, hazijakanyagwa, na umande ameufagia yeye mwenyewe. Mtampa mlalamikaji silaha bure. Aingie kwenye droo ya kawaida kama wengine, kura imwangukie popote. Akiangukia la kwanza, ni kura.

Na rangi nyeupe. Eneo la matengenezo (ambamo mchezaji huruhusiwa kuutoa mpira bila adhabu) lichorwe na kamati kabla ya mchezo kuanza, asiyecheza ndiye ashike kopo. Mtunza grini akiwa mchezaji hana mamlaka ya kutangaza "hapa ni matengenezo" mpira wake ukiwa umelala papo hapo. Ila ajue kwamba baadhi ya vitu ni eneo la matengenezo hata bila mstari: shimo lililochimbwa na wafanyakazi kwa kulaza bomba au kung'oa kisiki, na nyasi zilizorundikwa zikisubiri kuondolewa. Vitundu vya kutoboa grini havimo. Na nyasi zilizotupwa kando bila nia ya kuja kuzichukua hazimo pia, ingawa hapo lazima mtu aulize nia ya nani, na jibu liko kwa mchezaji mwenyewe. Ndiyo maana nasema akipata shaka ya namna hiyo, acheze mipira miwili na kupeleka suala kwa kamati kabla ya kurudisha kadi.

---

Mweka_Handikapu

Mmezungumza mashimo, nyasi na rangi. Kesi halisi itakuja kwenye handikapu, niamini.

Mtunza grini hucheza mashimo manne matano jioni, mara nyingi peke yake, na hakuna kadi inayorudi. Hiyo 9 na 14 ni ya lini? Chini ya mfumo wa handikapu wa dunia, fahirisi ya handikapu ni wastani wa tofauti 8 bora (alama za raundi zikilinganishwa na ugumu wa uwanja) kati ya raundi 20 za mwisho. Kama ana raundi sita tu zilizoandikwa, zote za mwaka juzi, namba hiyo ni pambo. Raundi aliyocheza peke yake haikubaliki. Lazima awe na mweka alama. Raundi ya kawaida inasajiliwa kabla ya kuanza, siyo baada ya kuona imekuwa nzuri.

Pendekezo: kabla ya kombe la kwanza, kila mmoja arudishe angalau kadi tatu za mashimo 18 za hivi karibuni, akicheza na wanachama tofauti. Siku ya Jumatatu uwanja ukifungwa kwa matengenezo wanaweza kucheza alasiri, mradi tii na mashimo viwe mahali pake. Na msishtuke mmoja akija na tofauti iliyo chini ya fahirisi yake kwa 7.0 hadi 9.9: mfumo unampunguza pointi 1 wenyewe. Ikiwa 10 au zaidi, unapunguza 2. Huhitaji kikao.

Zawadi: kikomo cha R&A (chombo kinachosimamia Sheria za Gofu) kwa mridhaa ni pauni 700 au dola 1,000 za Marekani. Kombe la handikapu halitolewi fedha taslimu kwa mridhaa yeyote, awe mtunza grini au mwenyekiti. Ile "zawadi maalumu ya wafanyakazi" ambayo klabu nyingine hutoa ili mfanyakazi asiguse kombe kubwa, mimi naiona ni kumwambia acheze lakini asishinde. Kama amekidhi masharti, kombe ni lake. Kama hamtaki ashinde, msipokee jina lake.

---

Katibu_Fewei

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. Rasimu ya masharti nitakayopeleka kwa kamati: mahali pa mashimo na tii huamuliwa Ijumaa na mjumbe asiyecheza, karatasi hubandikwa saa moja, anayecheza hapimi kasi wala haviringishi mpira, mmoja hubaki zamu, droo ya kawaida, kadi tatu kwanza, zawadi sawa na wengine.

Swali la mwisho. Tuna pia kombe la wawili wawili la shimo kwa shimo (huhesabiwa mashimo yaliyoshindwa, siyo jumla ya mikwaju), raundi huchezwa Jumapili. Katazo la kuviringisha mpira linabaki?

---

Refa_wa_Zamu

Halibaki. Kwenye mchezo wa shimo kwa shimo, kipengele 5.2a kinawaruhusu wachezaji wote kufanya mazoezi uwanjani kabla ya raundi siku hiyohiyo, hivyo hata akipima grini zote 18 hana kosa. Isipokuwa kamati iweke kanuni ya uwanja inayozuia, na ikiiweka iwazuie wote. Lakini angalia Jumapili ambayo mechi za mtoano na kombe la mikwaju vinachezwa pamoja: akiwa kwenye vyote viwili, sharti la mikwaju ndilo linalomfunga. Andika hilo kwenye rasimu yako.

---

NyasiFupi

Na uongeze mstari wa karatasi kurudishwa ofisini baada ya mchezo, pamoja na alama ya pale alipohama hatua moja. Ihifadhini msimu mzima. Akishinda mwezi wa tatu na mtu akaja kulalamika, mnamfungulia faili na kumwonyesha shimo la 7 lilikuwa kanda ya nne, aliyeamua ni nani na saa ngapi.